Gari la Kuvuta Nyumba

Kufikia yadi ya pili, Greda alikuwa ameshachoka kuitwa bosi. Yadi ya kwanza walimwita bosi mlangoni, wakamwita bosi tena walipomwonyesha pikapu nyeupe iliyopakwa rangi juu ya kutu, kisha wakaanza kumwita mzee alipoinama kutazama chini yake. Hii ya pili ilianza vilevile. Mwanamume mwenye tai, kola imemlowa jasho, aliwaacha wateja wengine waliokuwa wakizunguka gari dogo jeusi, akamjia yeye na binti yake kwa bashasha.

"Karibu bosi, karibu dada. Leo tunatafuta nini?"

"Pikapu," Greda alisema. "Ya kuvuta."

"Basi umefika. Zangu zote zinavuta." Mwenye tai akaipiga kofi boneti ya pikapu ya bluu, kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni. "Hii hapa ukiikanyaga, wenzako wanabaki kwenye vumbi. Hata mlima haiusikii."

"Sikuulizia mbio, mwanangu. Nimesema kuvuta. Kuna kitu kitafungwa nyuma."

"Kitu gani?"

"Karavani."

Mwenye tai alimtazama binti, labda kuona kama mzee anatania. Binti alikuwa msusi, na siku hiyo alikuwa amefunga saluni yake ili baba yake asizunguke peke yake mjini.

"Nyumba, kaka," akasema. "Nyumba ya bati yenye magurudumu. Baba anataka gari la kuvuta nyumba."

"Mnahama?"

"Tunasafiri," Greda alijibu, na tayari alikuwa ameokota kipande cha boksi, amekitandika chini na kujilaza juu yake, kichwa chini ya pikapu, miguu nje. Soksi zake zilikuwa na matundu kwenye visigino, na binti akasogea kidogo ili asimame mbele yake. Kutoka huko chini alikuwa akigonga chuma kwa ufunguo wa nyumbani, anasikiliza, anagonga tena mbele kidogo.

"Mzee wangu, utachafuka bure," mwenye tai alisema.

Greda akatoka, akajifuta mikono. "Chasisi imeungwa katikati."

"Ni alama tu ya kiwandani."

"Kiwandani hawaungi kwa vipande vya nondo. Hebu nipe ufunguo niipandishe ule mteremko wa nyuma ya yadi."

"Kujaribu ni kwa aliyekwisha kutoa kianzio, mzee."

Wakati huohuo muuzaji mwingine alikuwa anamkabidhi mteja mmoja ufunguo wa lile gari jeusi, na mteja akaingia, akaliwasha, akatoka nalo barabarani huku mkono mmoja ukining'inia dirishani. Greda alilisindikiza kwa macho.

"Na yule ametoa kianzio?"

"Yule ni mteja."

"Na sisi ni nani?" binti akauliza. "Nzi?"

"Dada, msinielewe vibaya. Ila hapa watu wengi huja kutazama tu."

Greda alimgusa binti yake bega. "Twende, mama."

Walitembea hadi kwenye kona ndipo binti alipoanza kufoka, na Greda alimwacha afoke. Yeye mawazo yake yalikuwa bado chini ya ile pikapu. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha juu ya greda la kampuni ya ujenzi wa barabara, akichonga barabara za changarawe mahali ambapo hata ramani zilikuwa hazijafika, mpaka jina la mashine likawa jina lake na hata mkewe akasahau kumwita vingine. Dharau ya mwenye tai ilimpita. Kilichomkaa rohoni ni ile alama ya kuunga.

"Ningemlaza mama yako nyuma ya kitu kilichoungwa?" alimuuliza binti.

*

Mama alikuwa amelala ndani ya karavani, uani, akiwa ameifungua nusu ya chini ya dirisha ili aone geti.

Karavani hiyo ilikuwa ndiyo kiinua mgongo cha Greda. Kampuni ilipofunga kazi, haikuwa na fedha ya kuwalipa watu wake, ikawagawia vitu: huyu jenereta, yule mabati, Greda akapewa nyumba ya magurudumu aliyokuwa akiishi na mkewe kutoka kambi hadi kambi. Ililetwa hapa uani ikapandishwa juu ya mawe. Mama aliigeuza chumba cha cherehani, akashona humo sare za shule na mapazia mpaka mgongo ulipoanza kumuuma. Ulipimwa, ukapigwa picha, ukaonekana uvimbe ndani ya uti, na hospitali wakampa vidonge vya maumivu wakamwambia akapumzike nyumbani. Hakuna aliyeuliza apumzike mpaka lini. Sasa hakuweza kukaa zaidi ya muda wa kula, na hata kula alikula haraka ili arudi kulala.

"Umenunua?" aliuliza kabla Greda hajavua viatu.

"Leo nimekataa."

"Kukataa unakujua. Hata mimi ulinikataa kwanza."

"Nilikuwa sijakuona vizuri, bibie. Kulikuwa na vumbi."

"Kulikuwa na vumbi!" Akacheka, kisha akashika ukingo wa kitanda mpaka kicheko kilipomtoka mgongoni. "Usiwe unanichekesha. Kiinua mgongo chenyewe hiki hapa, na mgongo hauinuki."

Greda akaketi kwenye kiti cha cherehani. Alijua atakachoulizwa.

"Wiki hii tutaondoka?"

"Nikipata gari."

"Greda, mimi sina muda wa kuchagua kama anayechagua mchumba."

Alichokuwa anakitaka kilikuwa kimoja, na alikuwa amekisema mara moja tu, siku waliyotoka hospitali. Mtoto wao wa kwanza, msichana, aliugua homa akafa kwenye kambi ya kalavati, penye daraja dogo la kupitishia maji, safari ya siku mbili kutoka hapa. Walimzika kando ya barabara ambayo baba yake alikuwa anaichonga. Kazi ilikuwa inasonga mbele, kambi ikahamishwa kabla udongo wa kaburi haujakauka, na mama aliondoka pale akiwa amelala kwenye kitanda hikihiki, karavani ikivutwa, akilitazama lile rundo la mawe ya kaburi kwenye dirisha la nyuma mpaka lilipopotea. Hakuwahi kurudi. Alitaka arudi sasa, akiwa na macho yanayoona, na arudi vilevile alivyoondoka, amelala, akitazama dirishani.

Walijaribu kukodi. Madereva wawili walikuja, wakaitazama karavani, wakatazama mbali. Wa tatu alikubali kwa bei ambayo ingenunua nusu ya gari, na akasema barabara ile yeye huwa anaikimbiza. Binti alitaja gari la wagonjwa. Mama akamwambia gari la wagonjwa lina madirisha ya rangi ya maziwa. Ndipo Greda alipouza kipande cha kiwanja walichokuwa wamekiweka kwa ajili ya uzee, maana uzee wenyewe ndio huu.

*

Pikapu ilipatikana kwa mjane wa muuza mbao. Habari zake zililetwa na jirani yao, fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima ulimwita Jeki kwa sababu alikuwa mfupi na hakuna kitu alichoshindwa kuinua.

Lilikuwa gari la kijivu, lisilo na la kupendeza, limesimama kwenye uwanja wa mbao likiwa bado limefungwa trela lenye shehena nusu. Mjane alitoka ndani akijifunga kitambaa kichwani.

"Shikamoo baba. Mimi gari silijui," alisema moja kwa moja. "Marehemu ndiye alikuwa analizungumzia. Alilizungumzia kuliko alivyonizungumzia mimi. Ufunguo huu, jaribu unavyotaka."

Greda alishangaa kupewa ufunguo hivyohivyo, akaukamata kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Alianza chini. Chasisi ilikuwa nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, springi za nyuma zimeongezwa, ndoano ya trela imekazwa kwa boliti nene, haikubandikwa tu kwenye bampa. Kisha akaliwasha, akalipandisha na trela lake la mbao kwenye mteremko wa nyuma ya uwanja, akasimama katikati ya mteremko makusudi, akashusha kioo, akaondoka tena. Gari halikurudi nyuma hata kidogo. Lilikoroma tu, likapanda.

Binti alimwona baba yake anashuka na uso ambao hakuwa ameuona tangu siku ya hospitali.

"Hili," Greda alisema. "Hili linavuta."

Mjane alitaja bei, Greda akataja aliyonayo, binti akaongeza ya saluni, pakabaki pengo ambalo wote watatu walikaa wakilitazama mezani.

"Unakwenda kuvuta nini, baba?" mjane akauliza.

"Mke wangu. Ni mgonjwa. Anataka kumwona mtoto."

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko alikolazwa."

Mjane akasogeza zile fedha upande wake bila kuzihesabu mara ya pili. "Hilo lililobaki utaniletea ukirudi. Nina ombi moja tu. Ukiondoka nalo, pita nyuma huku, usilipitishe mbele ya nyumba. Wanangu wakilisikia wanakimbilia getini."

Greda akapita nyuma, taratibu, mguu juu ya breki, injini haisikiki.

*

Siku ya kuifunga karavani, Jeki alikuja na jeki mbili na utani wake wote. Walijaza magurudumu upepo, wakapaka grisi, wakaondoa mawe moja baada ya lingine. Mama alikataa kuhamishiwa nyumbani.

"Mimi sishuki," alisema kutoka ndani. "Nilikuwa humu mlipokuwa mnafunga na kufungua mwaka mzima. Fungeni."

"Shemeji, ukidondoka usinidai," Jeki akajibu.

"Nikidai utalipa na nini, hizo kaptula?"

Binti alicheka. Ilikuwa asubuhi nzuri. Greda alirudisha pikapu nyuma kidogo kidogo, shingo ya karavani ikaingia kwenye ndoano, Jeki akashusha jeki ya mwisho.

Pikapu ikakaa chini kama mtu aliyevutiwa kiti. Sehemu ya nyuma ilizama mpaka matairi yakagusa bodi, pua ikainuka, na taa za mbele zikawa zinaangalia juu ya paa la jirani. Gurudumu moja la karavani likatoa mlio, likabonyea upande.

"Pandisha! Pandisha!" Greda alipiga kelele, na Jeki akawa ameshapandisha.

Jeki alizunguka karavani, akaipima kwa macho. Bati jepesi, kitanda, cherehani, mwanamke aliyebaki mifupa.

"Greda, humu ndani mmeweka nini?"

"Mke wangu na cherehani."

"Nakuuliza kweli."

Akaingia ndani, akamwomba shemeji yake radhi, akapiga kisigino chini. Sauti iliyojibu haikuwa ya mbao. Akapiga tena pembeni, akainama, akashika kwa kiganja.

Greda alikuwa mlangoni. Kabla Jeki hajasema kitu alikuwa ameshajua. Akashika fremu ya mlango.

Ilikuwa saruji. Alikuwa ameimwaga mwenyewe, mwaka ule walipoipandisha karavani juu ya mawe na mkewe akasema amechoka kufagia mbao zinazobonyea, anataka sakafu ya kupiga deki kama wanawake wenzake. Greda hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu. Alitandika wavu wa chuma, akapanga kokoto, akamwaga zege nene kama la daraja, akalimaliza kwa rangi nyekundu na kulisugua nta mpaka likawa linaonyesha uso. Mama aliipiga deki kila asubuhi. Wateja walivua viatu mlangoni. Kwa wiki nzima Greda alikuwa amezunguka akigonga chasisi za watu, akipima springi za watu, na kila jioni alirudi akavua soksi akakanyaga sakafu ile baridi, akamweleza mkewe habari za uzito. Nani huhesabu sakafu? Sakafu ni chini tu.

"Hii hata lori litalalamika," Jeki alisema kwa sauti ndogo.

Greda hakuweza kuinua macho kumtazama mtu yeyote, na zaidi ya wote hakuweza kumtazama aliyelala kitandani.

"Vunja," mama akasema.

"Bibie..."

"Vunja, Greda. Nilikuomba sakafu, ukanipa. Sasa nakuomba njia."

*

Walimbeba hadi chumba cha mbele, wakasogeza kitanda dirishani. Greda hakutaka Jeki amsaidie kuvunja, lakini Jeki aliokota nyundo ya pili bila kuuliza. Saruji ya Greda ilikuwa ngumu kama mwenyewe. Nyundo ziliruka, cheche zikatoka, na kila pigo mama alilisikia kitandani kwake, akawa anafumba macho kabla halijatua.

"Mama, nifunge dirisha?" binti alimuuliza.

"Acha. Nasikia kazi ya mume wangu."

Mapande mekundu yalirundikwa kando ya ukuta. Walipofika katikati ya karavani, nyundo ya Jeki haikuruka tena. Ilizama. Akaivuta, na mwanga wa jua ukaonekana kutoka chini.

Mbao za zamani zilikuwa zimekwisha kabisa, na vyuma vilivyokuwa vimeshika mbao hizo vimeliwa vimebaki kama maganda. Greda alibana kimoja kwa vidole, kikavunjika. Maji ya deki, miaka yote ile, yalikuwa yakipenya pembezoni mwa sakafu na kushuka chini taratibu, yakila chuma. Kwa muda mrefu karavani haikuwa imeibeba sakafu. Sakafu ndiyo iliyokuwa imeishika karavani. Sasa walipoivunja, kuta za bati zilianza kuachana kwenye kona, na paa likalegea likatoa mlio.

Jeki aliweka nyundo chini. Alijifuta jasho, akaenda kusimama getini akiwa amewapa mgongo.

Greda aliingia chumbani na vumbi jekundu kichwani.

"Imekufa," mama alisema. Alikuwa ameona kila kitu dirishani.

"Ni zege langu. Nililiweka nene."

"Ni maji yangu. Nilikuwa namwaga kama nina mto."

"Zege lisingekuwepo, maji yasingekaa."

"Nisingeliomba, lisingekuwepo. Usinipokonye kosa langu, Greda. Sina vingi."

Akalia kidogo, bila sauti. Greda akapiga magoti kando ya kitanda, akachukua mkono wake, ukawa mwekundu wa vumbi lake.

*

Binti ndiye aliyelitaja godoro. Nyuma ya pikapu mna nafasi, alisema, watandike magodoro mawili, wafunge turubali juu, mama alale kama malkia. Alilisema vizuri, kama anavyowaambia wateja kwamba nywele zitaota tena.

"Nyuma ya pikapu hulazwa maiti," mama alisema. "Au viazi. Mimi bado si kimojawapo."

"Mama, nani atakuona?"

"Mimi nitajiona."

Akasema atakaa mbele, na mumewe, kama mtu. Wakambembeleza, akageukia ukutani. Mwishowe Greda alipatana naye. Wataegemeza kiti, watapanga mito, watajaribu mpaka lami inapoisha na mbele kidogo. Akistahimili, kesho yake wataondoka wote watatu, binti nyuma na mizigo. Asipostahimili, watarudi, na hakuna atakayemlaumu mwenzake.

"Kujaribu tu," Greda alirudia.

"Nimesikia."

Lakini mama aliomba gauni lake la kutokea, lile la buluu aliloshona mwenyewe, na akamwambia binti amsuke. Binti alimsuka akiwa amelala ubavu, nywele zilizobaki zikitosha mistari michache. Hapo ndipo angepaswa kujua, binti alisema baadaye. Mtu anayekwenda kujaribu kiti hasuki nywele.

Walimwingiza garini wakimshika kama kioo. Jeki alifunga mlango, akainamia dirishani, akasema, "Shemeji, huyo dereva leseni yake ni ya greda tu. Akianza kuchonga barabara mshushe."

"Nitamshusha mimi mwenyewe," mama akasema, na meno yake yalikuwa yamebanana.

Kwenye lami alikwenda vizuri. Alitazama maduka, akauliza lile jengo limejengwa lini, akasoma mabango kwa sauti. Greda aliendesha kama amebeba mayai, na magari yakampigia honi yakampita. Gari lilikuwa zuri. Lilikuwa gari zuri sana, na hilo lilimuuma, kwa sababu kila nguvu aliyoitafuta ilikuwa pale chini ya mguu wake na haikuwa na kitu cha kuvuta.

Kisha lami ikaisha.

Barabara ya changarawe ilikuwa haijachongwa kwa misimu mingi. Ilikuwa imejikunja mikunjo midogo midogo kama bati, na hakuna mwendo, wa haraka wala wa polepole, usioisikia. Greda aliifahamu ile mikunjo. Alikuwa ameifuta maisha yake yote. Gari lilianza kutetemeka, na kando yake akasikia pumzi ya mkewe inakatika vipande vipande.

Akasimama.

"Endelea," mama akasema.

"Bibie, tulipatana."

"Endelea, Greda."

Akaendelea. Alitafuta ukingo wa barabara, akapanda juu ya nyasi, akarudi, akajaribu upande wa pili. Mama alikuwa ameingiza ncha ya kitambaa mdomoni anakiuma. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika dashibodi na vidole vimekuwa vyeupe. Hakulia. Alikuwa anatazama mbele, kule barabara inakopanda kilima na kupotea, kwa macho ya mtu anayehesabu kama pumzi alizonazo zitafika.

Kwenye korongo dogo gari liliruka, kidogo tu, na sauti ikamtoka mama ambayo Greda hakuwahi kuisikia, hata siku za kujifungua.

Hakusimama kufikiri. Alikata usukani. Bila karavani nyuma, gari liligeuka mara moja tu, kirahisi, na pua yake ikawa inaelekea nyumbani.

Pumzi iliporudi, mama akatoa kitambaa mdomoni.

"Umegeuza," alisema.

"Nimegeuza."

"Sikukwambia ugeuze."

"Hukuniambia."

Aligeuzia uso dirishani. Greda hakuthubutu kumgusa. Walikwenda hivyo mpaka wakaikanyaga lami tena, mtetemeko ukakoma, na ule ulaini ukawa kama tusi.

"Barabara ile uliichonga wewe," mama akasema, bado amegeuka.

"Zamani."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa laini. Ungeweza kuweka kikombe cha maji kwenye boneti."

"Mwongo."

"Nusu kikombe."

Kisha akaegemeza kichwa kwenye mto, akafumba macho.

"Basi endelea kwa mdomo," alisema. "Tulifika kilimani. Baada ya kilima nini?"

Baada ya kilima, Greda alisema, kuna tambarare, halafu mto mkavu wenye mchanga mweupe. Mama akasema hapana, kisima kwanza, kile cha pampu iliyokuwa inalia. Kweli, kisima kwanza. Wakapita kisima. Wakapita mto. Alimwambia wapi njia inapinda na kwa nini aliipinda, kwa sababu kulikuwa na mwamba na baruti zilikuwa zimechelewa. Mama akamkumbusha mpishi wa kambi aliyeogopa mashine. Mji ulikuwa unawapita dirishani, maduka yaleyale, mabango yaleyale, na hawakuyaona. Usiku wa safari hiyo ya mdomo walilala kwenye kambi ya pili. Asubuhi wakaanza tena, nyasi zikaanza kuwa fupi, udongo ukageuka mwekundu.

Waliingia mtaani kwao wakiwa bado hawajafika kwenye kalavati. Greda alipunguza mwendo, lakini mtaa ulikuwa mfupi. Akasimama mbele ya geti, akapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usizime," mama akasema. "Hatujafika."

Akauondoa mkono. Injini ikaendelea kukoroma. "Sasa naiona kalavati," alisema. "Upande wako."

"Mawe yapo?"

"Yapo. Yameota majani kidogo pembeni, lakini yapo."

Binti alifungua geti kwa pande zote mbili, akasubiri gari liingie. Halikuingia. Akatoka nje, akaja upande wa mama yake, na kupitia kioo akamwona amelaza kichwa, mashavu yamelowa, mdomo unacheka.

"Nifungulie nishuke," mama akasema, macho yake bado ameyafumba.

Binti akashika kitasa. Baba yake akainua kiganja kutoka kwenye usukani, akatikisa kichwa.

"Acha, mama," alimwambia binti polepole. "Anashukia kule."